Majani Hayasubiri Likizo

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu mzima akiyatamka mbele ya majirani huonekana amepungukiwa. Mimi nililitamka la kwangu jioni moja ya Januari, mwaka 2023, tukiwa tumeketi barazani tunachambua mchele. Nilisema kwamba mwaka ule, Mungu akinijalia uzima, ningesafiri hadi Marekani kutazama majani ya miti yakibadilika rangi. Jirani yangu, mama mwenye busara zake, aliuweka ungo chini, akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akaniuliza, "huko kuna majani gani ambayo hapa hayapo?"

Sikuwa na jibu. Wala swali lake halikuwa la dharau. Yeye alijua, kama walivyojua wote pale mtaani, kwamba nyumba yangu ya Tabata ilikuwa na vyumba vitatu vya uani vilivyosimama kuta tupu, bila paa, mwaka wa nne sasa. Alijua pia kwamba nauli ya kwenda Marekani na kurudi ilitosha kabisa kuviezeka vyumba vile, na bado zingebaki fedha za kununulia milango. Mtu aliyestaafu, mwenye kiinua mgongo kinachoyeyuka kila mwezi, anaacha bati anakwenda kutazama majani! Hata mimi mwenyewe, laiti ningelisikia jambo hilo kwa mwingine, ningelitikisa kichwa.

Naomba basi unisikilize, wewe msomaji uliye mfanyakazi na mzazi, kwa maana yaliyonipata katika kuipanga safari hiyo huenda yakakufaa hata kama huna nia ya kuvuka bahari.

Kitinda mimba wangu aliondoka nchini mwaka 2011 kwenda masomoni. Masomo yaliisha, akapata kazi, akabaki. Siku hizi anaishi katika jimbo la Massachusetts, na kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Katika miaka kumi na miwili alirudi nyumbani mara moja tu, mwaka 2016, kumzika baba yake, akakaa siku nane. Sitakuficha kwamba moyoni nilikuwa na kinyongo. Nilijiuliza mara nyingi ni haki gani hiyo, mtoto niliyemzaa mimi awaogeshe wazazi wa watu, na mimi nikae peke yangu Tabata nikisikiliza sauti yake kwenye simu.

Kila mara aliponiambia, "Mama, njoo," nilimjibu, "Nitakuja ujenzi ukiisha." Nawe unajua, nyumba ya mstaafu haina siku inayokwisha. Ndipo akabadili maneno. Akasema, "Basi usije kunitembelea mimi. Njoo Oktoba tutazame majani."

Maneno hayo yalinigusa mahali ambapo yeye hakupajua. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam nilifundisha shule ya msingi mkoani Tabora kwa muda wa miaka ishirini. Katika somo la jiografia tulikuwa na sura juu ya majira manne ya nchi za baridi, nami nilifundisha kwamba majira ya tatu ni vuli, wakati miti inapopukutisha majani. Mwaka mmoja kijana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona vuli yetu miti ndiyo inachipua?" Nilimwambia aketi tuendelee na somo. Lakini dirishani niliiona miyombo nje ya shule, imevaa majani machanga mekundu kama shaba iliyosuguliwa, na aibu ile sikuisahau. Mtoto alisema kweli. Neno letu la vuli ni la mvua za mwisho wa mwaka, mvua za kupandia; nasi tumelichukua, tukawavisha watu wa kaskazini wakati mashamba yao na misitu yao inapolala. Miezi ni ileile, jina ni lilelile, na mambo ni kinyume.

Basi nikakubali kwenda. Bati zikaahirishwa.

Sasa, ndugu msomaji, kupanga safari ya kutazama majani si sawa na kupanga safari ya harusi. Harusi ina kadi, na kadi ina tarehe. Majani hayana kadi. Nilijifunza hayo kwa kusoma na kwa kumsumbua binti yangu kwa maswali usiku.

Jani ni jiko la mti. Ukijani wake unatokana na klorofili, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengenezea chakula. Kwetu Tabora, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote katika mwaka ni kama dakika 35 tu, hata hatuitambui. Lakini katika milima ya New Hampshire mwanga wa mchana mwezi Juni huzidi saa 15, na mwishoni mwa Desemba haufiki saa 9. Siku zinapoanza kufupika na usiku kupoa, mti huanza kulifunga jiko lake. Huacha kutengeneza klorofili mpya, hurudisha katika matawi na mizizi virutubisho vinavyofaa kuwekwa akiba, na hujenga ukuta mwembamba kati ya kikonyo cha jani na tawi. Ukijani unapotoweka, rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani siku zote, huonekana. Wekundu ni habari nyingine. Huo haukuwamo. Hutengenezwa wakati huohuo wa mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mahali ambapo mchana ni wa jua na usiku ni wa baridi isiyofikia kugandisha. Mti unaosifiwa zaidi kwa wekundu huo ni ule uitwao mepo, ambao jani lake limekuwa katikati ya bendera ya Kanada tangu mwaka 1965.

Kwa hiyo rangi hutembea. Huanza kaskazini na juu milimani mwishoni mwa Septemba, hushuka mabondeni na kuelekea kusini katika majuma ya kwanza ya Oktoba, na hufika miji ya pwani kusini ya Massachusetts mwishoni mwa mwezi huo au hata baadaye. Mahali pamoja hukaa katika uzuri wake kwa siku chache tu, pengine juma moja. Ukame, joto, mvua nyingi au upepo mkali waweza kuisogeza tarehe au kuiharibu kabisa. Hakuna mtu awezaye kukuapia mwezi wa pili kwamba majani yatakuwa mekundu Jumanne fulani ya mwezi wa kumi.

Lakini mwezi wa pili ndio mwezi ambao binti yangu alitakiwa kuijaza fomu ya likizo! Mwajiri wake hupanga zamu mapema, na siku za likizo zenyewe ni chache na hugombewa na wengi. Nadhani mfanyakazi yeyote anayesoma maneno haya anaifahamu hali hiyo. Tukaketi, yeye kwake na mimi kwangu, tukiwa na kalenda mkononi. Nilitaka katikati ya Oktoba. Yeye alisema Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya taifa kule, barabara za milimani hujaa magari na vyumba hupanda bei maradufu. Tukabishana majuma mawili. Mwisho tukachagua Jumanne tarehe 3 hadi Alhamisi tarehe 5 Oktoba, siku za kazi ambazo watu ni wachache, na chumba kikawekwa mwezi Machi. Mimi kwa upande wangu nilianza shughuli za pasipoti na viza mwezi uleule wa Januari, na nakushauri nawe usizichelewe, kwa maana karatasi zina mwendo wake ambao hausukumwi. Tukakubaliana pia kwamba nisikae wiki mbili kama mgeni, bali nikae hadi katikati ya Novemba. Wakati ule nilidhani nafanya hivyo ili nauli isipotee bure.

Nilifika mwishoni mwa Septemba. Tarehe 3 Oktoba, alfajiri, tukaingia katika gari lake dogo tukiwa na chapati, chai ya chupa na makoti mawili mazito niliyonunua mtumbani Ilala, tukaelekea kaskazini. Safari yenyewe ilikuwa ya saa chache. Tulikusudia kupita Barabara Namba 112, iitwayo Kancamagus kwa jina la chifu mmoja wa wenyeji wa asili, kabila la Wapennacook. Ina urefu wa kilomita 55 kati ya mji wa Lincoln na mji wa Conway, inapanda na kushuka katikati ya msitu mtupu, na njiani hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Kwa hiyo tukajaza tangi Lincoln, binti yangu akashika usukani kwa mikono miwili, mimi nikafuta kioo cha dirisha kwa kitenge ili nione vizuri.

Msomaji wangu, msitu ulikuwa wa kijani.

Sisemi hapakuwa na rangi kabisa. Huko juu, karibu na mahali barabara inapovuka mlima, miti mingine ilikuwa imeanza kuwaka, mmoja hapa na mwingine pale, kama watu waliowahi mkutanoni. Lakini mabonde yote yaliyo chini yalikuwa ya kijani kama Morogoro mwezi wa Mei. Tena palikuwa na joto. Siku zile tatu joto la mabondeni lilikaribia nyuzi 30, jambo lisilo la kawaida kwa mwezi huo, nami nikayakunja makoti ya Ilala nikayaweka kiti cha nyuma. Mwenye duka moja la kahawa alitueleza kwamba mwaka ule mambo yalikwenda upande tangu mwanzo. Katikati ya Mei ilikuja baridi kali ya ghafla ikaunguza majani machanga, kisha mvua zikazidi kiasi, hata jimbo jirani la Vermont likapata mafuriko makubwa mwezi Julai. Rangi, alisema, itachelewa. Rudini baada ya siku kumi.

Siku kumi! Likizo ya siku tatu iliyoombwa tangu Februari haina siku kumi.

Binti yangu aliegesha gari mahali pa kutazamia mandhari, akazima injini, na machozi yakamtoka. Nilidhani analilia fedha. Nikamwambia, "Mwanangu, majani ni majani. Yaache." Akatikisa kichwa. Akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema:

"Mama, sikukuita kwa ajili ya majani. Ungekuja kwangu wakati mwingine wowote ungepika, ungefua, ungedeki, ungepanga makabati yangu. Toka nikiwa mtoto sijawahi kukuona umekaa tu. Mchana kutwa nawatazama wazee wa watu wamekaa madirishani, na kila siku nawaza kwamba wewe sijakuona hivyo hata siku moja. Nikatafuta kitu ambacho mtu hawezi kukifanyia kazi. Majani huwezi kuyafua, huwezi kuyapika. Ni kuyatazama tu."

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimeushika ule mfuko wa chapati, nikijiandaa kumtengea. Nikauweka chini. Tukakaa pale, nadhani saa nzima, tukitazama msitu wa kijani, na mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili tuliongea juu ya baba yake bila kukatishwa na salio la simu. Aliniambia pia sababu ya kutorudi, zikiwamo zile ambazo mzazi hapendi kuzisikia. Kinyongo changu hakikuisha siku ile. Ningesema uongo nikisema kiliisha. Lakini kilipungua uzito, nikaweza kukibeba.

Tulirudi nyumbani Alhamisi, na Ijumaa yeye akaingia zamu.

Kutokea nyumba anayoishi hadi kituo cha basi ni mwendo wa dakika saba. Gari lake huliacha siku za kazi, kwa sababu maegesho ya kazini kwake ni ya kulipia. Nikaanza kumsindikiza kila asubuhi saa moja na nusu, kama nilivyomsindikiza shule zamani. Pale kituoni, karibu na pipa la takataka na nguzo ya umeme, umesimama mti mmoja wa mepo usio na sifa yoyote. Siku ya kwanza ulikuwa kijani. Siku ya nne au ya tano niliona tawi moja la juu limeingia wekundu, kama mtu aliyechovya ncha ya kidole katika hina. Tangu hapo tukawa tunaupimia: leo umefika hapa, leo umevuka pale. Hadi juma la mwisho la Oktoba mti mzima ulikuwa unawaka, mwekundu juu na rangi ya chungwa chini, na watu wasiojuana waliosubiri basi wakawa wanauinulia nyuso. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua na upepo, tulikuta matawi yako wazi na zulia lote liko chini, hata benchi la kituo halionekani. Binti yangu akafagia majani kwa mkono, tukakaa. Basi lake likaja, akapanda, akanipungia mkono dirishani.

Ndiyo safari yangu ya majani, ndugu msomaji. Ile tuliyoipanga kwa kalenda ilitupa mazungumzo tusiyoyapanga. Majani yenyewe tuliyapata kituoni, bila nauli wala chumba cha kulipia. Nikikupa ushauri, ni huu. Ukipanga safari ya kumwona mtu au kitu kisichofuata saa, usitoe siku tatu ukadhani umetoa. Toa majuma, hata kama ni majuma ya kukaa tu nyumbani kwake. Wala usingoje ujenzi uishe. Wahenga walishasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu liliuma miaka kumi na miwili.

Niliporudi Tabata, jirani yangu alinikaribisha barazani, akaniuliza tena lile swali lake. Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia majani yale yapo hapa. Miyombo yetu hupukutisha kwa sababu ya ukame, si kwa sababu ya baridi, lakini haingoji mvua ndipo ichipue. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba na damu ya mzee, majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza kuanguka. Na wekundu ule ni wa jamii ileile ya rangi inayowasha misitu ya kule. Kule jani huuvaa linapoaga, kwetu huuvaa linapozaliwa. Hilo ndilo jibu nililokuwa nadaiwa na yule kijana wa dawati la nyuma. Miaka ishirini nilipita chini ya miti ile nikiwa na rundo la madaftari kichwani, sikuinua macho.

Vyumba vya uani viwili sasa vina paa. Cha tatu kinasubiri, kwa sababu tumeanza kupanga safari nyingine. Binti yangu anataka kuja, si kwa msiba, bali kwenda Tabora kuiona miyombo ikichipua. Tutapanda treni ya umeme iliyoanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kisha tutaendelea kwa basi. Nimekwisha mwonya kwamba karibu na shule yetu ya zamani msitu umepungua sana. Miti mingi imekwenda katika mkaa na katika kukaushia tumbaku, na huenda tukalazimika kusafiri mbele zaidi ili kuukuta. Hiyo ni sababu ya kutochelewa.

Juzi alinipigia simu kuniuliza tarehe, maana fomu ya likizo iko mezani kwake. Nilimwambia sijui tarehe. Nilimwambia aombe juma la mwisho la Septemba na majuma mawili ya Oktoba, yote matatu. Na wakimnyima, aombe tena mwakani, lakini asikubali siku nane.